Funguo Ndani ya Leso ya Mtoto

Uvumilivu wangu uliisha nikiwa nimeshika kipande cha keki. Natamani ningesema uliisha mahali pa maana zaidi, lakini uliniishia pale pale, kwenye baraza ya nyumba namba moja huko Diani, saa nne za asubuhi, wafanyakazi wote tumekusanyika na meneja amesimama mbele yetu akinisifu.

Nasema akinisifu. Angenitukana ningenyamaza, maneno ya kazini nimeyazoea, yanaingia huku yanatokea huku. Lakini siku hiyo alikuwa ameweka mezani chupa mpya ya chai, imefungwa utepe mwekundu, na wasichana watatu walioajiriwa wiki ile alikuwa amewakalisha mbele. Mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi sita hivi, kiti amekikalia ubavu kama tunavyokaa sote tukifika hapo. Meneja akaniwekea mkono begani.

"Huyu dada ndiye mfano wenu," akawaambia. "Alijifungua, na kazi haikusimama hata siku moja. Funguo alizichukua mwenyewe, akakaa nazo kwake. Hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo raha ya kazi yetu, haina mambo ya saa mbili mpaka saa kumi na moja. Kazi inakufuata ulipo."

Wakapiga makofi. Yule mwenye mimba hakupiga. Alilitazama tumbo lake, kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile. Hakunichukia. Alikuwa akihesabu siku zake za uzazi kwa kunitumia mimi kama kipimo.

Nikakirudisha kipande cha keki kwenye sahani.

"Sikuzichukua," nikasema. "Zililetwa kwangu zimefungwa ndani ya leso ya mtoto, nikiwa na siku kumi na moja tangu nizae."

Meneja akacheka, kile kicheko chake cha wageni. "Mamii leo ameamka na yake. Mkatieni keki nyingine."

Nikamwambia keki nimeshiba na chupa ya chai ninayo nyumbani. Nikaiacha mezani na utepe wake, nikaenda kutandika vitanda vya nyumba namba nne, kwa sababu wageni walikuwa wanaingia saa nane na mashuka hayajui kama mtu amekasirika.

Sasa niseme kazi yenyewe ni nini, maana ukiisikia nusu utadhani nilikuwa nateswa tangu siku ya kwanza. Sikuwa nikiteswa. Nyumba ni nane, zinapangishwa wageni kwa wiki au kwa siku chache, na mwenyewe anaishi mbali, haji ila mara moja kwa mwaka. Mimi ndiye mtunza funguo. Nawapokea wageni, nawaonyesha maji ya moto yanafunguliwa vipi, nahesabu sahani na vijiko wakiondoka, natandika, nafungua madirisha nyumba ipate hewa. Wageni wakiwa wametulia, sina kazi, narudi nyumbani. Wakija watatu kwa mpigo, nashinda huko.

Binti yangu mkubwa, ambaye sasa ana miaka minne, amekulia kwenye baraza hizo. Kuhesabu alijifunza kwa vijiko. Mpaka leo akifika kumi na moja anasimama, kwa sababu cha kumi na mbili kila mara hakionekani. Wanawake wenzangu wa mtaani kwetu Ukunda wanaofanya kazi mahotelini walikuwa wanatoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Mimi saa saba mchana niko uani nachuna mchicha na mtoto wangu ananipigia hadithi. Nilijiona nimeotea, na wala sikukosea. Ilikuwa kazi nzuri. Hasira yangu ingekuwa ndogo kama kazi ingekuwa mbaya.

Karatasi ya mkataba ninayo. Sentensi moja nimeisoma hadi naijua kwa moyo: saa za kazi zitabadilika kulingana na makubaliano ya pande zote mbili. Pande mbili. Nilimaliza kidato cha nne na Kiswahili nilipata alama nzuri, sihitaji mtu wa kunifafanulia.

Nilipopata mimba ya huyu wa pili nilimwendea meneja mapema, nikamuuliza habari ya likizo ya uzazi. Yeye ametoka Nairobi, si mbaya wa moyo, anacheka na kila mtu, na watoto wake wawili wako shuleni Mombasa. Akaniambia, "Likizo ni ya watu wa ofisini, mamii. Wewe ni wa saa za kubadilika. Ukifika huo wakati wewe pumzika tu, tutapanga."

Nami nikalipokea hilo "tutapanga" kama jibu. Hapo nilikosea, na kosa hilo ni langu, simpi mtu.

Nilijifungua mvulana, salama, na mama yangu akaja kutoka Msambweni na kikapu chake kunilea siku arobaini. Kwetu mzazi hatoki. Hapiki, hachoti maji, hashiki ufagio. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa leso hadi nikawa natembea kama askari wa gwaride, akaninywesha uji wa pilipili manga nikatokwa na jasho. Wanawake wakawa wanakuja kumwona mzazi. Kila anayekuja anakuja na kitu, sabuni, sukari, kanzu ndogo ya mtoto. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaweka nyuma yako karibu na ukuta. Hufungui. Kufungua mbele ya mgeni ni kama kumwambia ngoja nione umeleta nini. Unangoja aondoke.

Siku ya kumi na moja akaja mwenzangu wa kazini. Huyu ni mtu wa Shimba Hills, wa mashamba ya kugawiwa. Babu zake walitoka Ukambani wakalima huko, yeye amezaliwa huko. Tumegeuza magodoro pamoja miaka minne, yeye huku mimi huku. Aliingia, akamwamkia mama shikamoo, akambeba mtoto, akamsifu masikio. Kisha akanipa sabuni, na leso mpya iliyokunjwa vizuri, imefungwa fundo. Nilihisi ina uzito. Nikadhani kuna kikombe, au kijiko cha mtoto. Nikashukuru, nikaiweka nyuma.

Alikaa sana. Chai ilipoa mbele yake. Mara ananitazama mimi, mara anaitazama ile leso, na mazungumzo yakawa yanakatika katika bila sababu. Mwishowe akasema haya, nawaachia, akaondoka kichwa chini. Mama akasema labda ana shida zake.

Alasiri mama akaifungua ile leso amfunike mtoto. Funguo zikaanguka juu ya mkeka. Vishada vinane, kila kimoja na kibao chake cha namba, na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa meneja: kwa muda tu, wageni wakifika watakupigia.

Mama alizitazama zile funguo kama mtu aliyeona nge kwenye kitanda cha mtoto. "Hii ndiyo hongera yao?"

Kwa nini sikuzirudisha siku ile ile? Nimejiuliza, na wengine wameniuliza kwa sauti. Kilicholetwa pamoja na hongera hakirudishwi, ungemwaibisha aliyekileta. Mimi mwenyewe sikuweza kutoka. Niliogopa pia nikizirudisha atapewa mtu mwingine na kazi iende naye. Na niseme kweli yote: nilifurahi kidogo. Nilijiona nahitajika. Mtu aliyelala kitandani na kitovu cha mtoto kwenye kitambaa anaweza kudanganyika kwa kitu kidogo kama hicho.

Basi kazi ikanifuata nilipo, kama alivyosema meneja. Askari wa geti akawa anakuja kuchukua funguo asubuhi na kuzirudisha mchana. Fundi wa jenereta akaja, mwanamume mzima, akabisha hodi kwenye chumba cha mzazi akiuliza kishada cha stoo. Simu ikawa inalia mtoto akiwa ziwani. Mgeni anataka kujua mito ya ziada iko wapi. Mgeni anataka kujua bahari inajaa saa ngapi. Mama alikuwa anaichukua simu anaiweka chini ya mto, nami naitoa.

Siku ya ishirini na mbili mlango wa nyumba namba tano ukakataa. Mlango huo una yake: mvua ikinyesha unavimba, na ili ufunguke lazima uuinue kwa nyonga huku ukizungusha ufunguo mara mbili. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu lakini hakuna aliyeshika. Wageni wako nje na mizigo na mtoto wao analia, meneja yuko Mombasa, ananipigia simu anasema ni dakika kumi tu, tuktuk ikulete na ikurudishe. Nikajifunga leso mbili, nikaenda. Mama hakunizuia. Alimchukua mtoto akanipa mgongo.

Nikauinua mlango kwa nyonga, siku ishirini na mbili tangu nizae, na ukafunguka. Nilipogeuka yule mgeni akawa ananiuliza habari ya intaneti, na mtoto wake bado analia, na kile kilio cha mtoto wa watu kikayashusha maziwa yangu. Nilisimama pale gauni limelowa kifuani mpaka tumboni, nikimsomea mwanamume nisiyemjua herufi za nywila moja baada ya nyingine. Akaandika zote. Kisha akanitazama, akatazama pembeni, akasema pole. Yule mgeni ndiye mtu pekee aliyeniambia pole katika kazi nzima ile.

Nilipofika nyumbani mama hakugomba. Alinikanda kimya kimya, na kesho yake asubuhi akasema, "Leo siku ya kwanza." Nikamuuliza ya kwanza ya nini. Akasema arobaini imevunjika, anaanza upya. Na hakika alianza upya. Mume wangu, ambaye anaendesha trekta la miwa huko Ramisi na hana mazoea ya kuingilia mambo ya wanawake, alijaribu kufanya mzaha kwamba mkewe atatoka ndani mtoto ameshaota meno. Mama akamwambia akitaka iwe themanini aendelee kucheka. Jumla yake nilikaa ndani siku sitini na mbili, simu imezimwa, na funguo mama alimpa askari wa geti kwa mkono wake mwenyewe siku ile ya kwanza ya arobaini ya pili.

Nilirudi kazini nikanyamaza. Miezi sita nilinyamaza. Nilifikiri jambo limekwisha, limebaki langu na mama yangu. Mpaka ile keki.

Ijumaa yake meneja akaniita ofisini. Alikuwa mpole. Akaniambia hakupenda nilivyomjibu mbele ya wafanyakazi wapya, lakini anajua malezi yanachosha. Nikamwomba anionyeshe faili yangu. Hakutegemea. Akaifungua kwa kuwa hakuona la kuficha, na ndani kulikuwa na sentensi moja juu ya uzazi wangu: alirejea kazini siku ya kumi na moja kwa hiari yake mwenyewe.

"Hiari gani?" nikauliza.

"Si ulipokea funguo?"

"Nilipokea leso."

Akapumua. Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, imeshapigwa chapa, jina langu limeshaandikwa na mahali pa sahihi pameachwa wazi. Barua ya kuacha kazi. "Kama umechoka, si uache tu? Hakuna aliyekufunga kamba. Nenda kapumzike na watoto, wakikua utarudi, mlango uko wazi." Akanyoosha mkono anipe.

Mikono yangu ilitaka kutoka. Nimelelewa hivyo, mtu mzima akinyoosha kitu unapokea. Niliishika nyuma ya mgongo, mmoja umeushika mwingine, kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele. Nikamwambia aiache mezani, nitaisomea pale pale. Nikaisoma nimeinama, sikuigusa, nikaaga.

Tangu siku hiyo ikawa nyumbani hakuna habari nyingine. Niache au nisiache. Mume wangu alisema niache, tena kesho, asisikie tena jina la zile nyumba. Mama kwa simu kutoka Msambweni akasema niache, na akaongeza kwamba alishasema, jambo ambalo ni kweli. Jirani akasema kazi ya kubadilika ni kama mbwa asiyefungwa, siku hii anakulinda, siku ile anakuuma. Sote tulikubaliana na jirani. Nami nilikuwa nusu nimeshaondoka.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikaenda kujaribu kazi nyingine. Kuna duka la vifaa vya ujenzi huko Waa, mwenyewe ni mzee anayefahamiana na mume wangu, alikuwa anatafuta mtu wa kuandika na kupima misumari. Mzee muungwana sana. Alinieleza kazi nzima kwa pumzi moja: saa mbili mpaka saa kumi na moja, Ijumaa wanafunga wakati wa sala, Jumapili mapumziko, na watoto hawaruhusiwi dukani kwa sababu ya mabati na saruji. Akanionyesha saa ya ukutani. Akasema ikifika kumi na moja hata kama nina mteja mkononi nimwachie yeye.

Niliipenda ile saa kuliko kitu chochote dukani. Nilipima misumari, niliandika mabati, na nilijua hakuna atakayenipigia simu usiku kuuliza nondo ziko wapi. Lakini saa sita nilikuwa nyuma ya duka, kati ya mifuko ya saruji, najikamua maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga mchangani. Wakati huo huo jirani ananitumia picha ya binti yangu amekaa kizingitini na viatu vyake vya kutokea, ananingoja, kwa kuwa hajawahi kuachwa kutwa nzima. Siwalaumu wanaoachia watoto majirani. Wengi hawana jingine. Mimi nilikuwa nalo jingine. Nilikuwa na kazi iliyonipa watoto wangu, na karatasi inayosema tutakubaliana pande mbili, na mtu mmoja aliyeufuta upande wa pili.

Saa kumi na moja mzee akanionyesha saa. Nikamshukuru, nikamwambia ukweli kwamba sitarudi, na kwamba duka lake limenisaidia. Akaniuliza limenisaidia nini. Nikasema limenionyesha kwamba sitaki kazi nyingine. Nataka ile ile niliyoandikiwa, na nataka iwe na saa ukutani.

Jumatatu nikamkuta mwenzangu wa Shimba Hills kwenye kamba anaanika mashuka. Tangu siku ile ya leso hatukuwa tumezungumza habari hiyo, kila mmoja anamkwepa mwenzake kwa adabu. Nikamwendea moja kwa moja.

"Kwa nini hukunambia mle ndani kuna nini?"

Akabaki na shuka mkononi. "Nilikuwa nangoja ufungue."

"Nifungue nawe umekaa pale?"

"Kwetu mgeni akileta kitu, unafungua akiona, ndiyo ajue umekipenda. Meneja aliniambia nikupe. Mimi nikasema sawa, nitaziweka kwenye leso, atafungua, atasema hapana, nitarudi nazo nimwambie amekataa. Nilikaa pale nikakaa. Chai ikapoa. Hufungui."

"Nilikuwa nakustahi wewe, mwanamke."

"Na mimi nilikuwa naomba Mungu ufungue."

Tukacheka, tena tukacheka vibaya, tukashikilia kamba mashuka yasianguke. Miezi minane mimi nimembebea kinyongo, na yeye amebeba hatia, kwa sababu mmoja alilelewa afungue na mwingine alilelewa asifungue. Na aliyezituma funguo hakuwa na habari na fundo letu. Yeye alitaka zifike tu.

Kisha tukaacha kucheka. Nikamwambia napeleka malalamiko ofisi ya kazi, nikamuuliza kama atayaandika hayo. Ana watoto watatu na kazi hii ndiyo hiyo hiyo. Akamtazama yule msichana mwenye mimba, alikuwa anafagia majani kwenye ngazi za nyumba namba tano, mkono mmoja kiunoni.

"Nitaandika. Lakini Kiswahili changu utanisahihishia."

"Sisahihishi neno hata moja."

Alhamisi nikapanda Kwale, mtoto mgongoni, barua zetu mbili kwenye bahasha ndani ya mfuko wa nepi ili zisilowe jasho. Kwenye ofisi ya kazi alikuwapo mtu mzima wa makamo, miwani imeshuka puani. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, akaisoma barua yangu yote bila kuinua kichwa, kisha ya mwenzangu, kisha yangu tena.

"Hii arobaini," akasema, "sheria haiijui. Sheria inajua miezi mitatu."

"Basi nitaandika zote mbili. Moja ya sheria, moja ya mama yangu."

Akatabasamu kwa upande. "Na huku kuacha kazi uliacha lini? Wengi wanakuja hapa wakiwa wameshaacha, na hapo mambo huwa magumu."

"Sijaacha."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Akanitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa anakula kamba ya mfuko, akanisogezea kalamu na karatasi safi.

"Basi hilo liandike juu kabisa," akasema, "kabla ya mengine yote."

Nikakaa kwenye benchi nikaiandika upya, mtoto nimempakata. Akaipiga muhuri nakala tatu: moja yake, moja ya mwenye nyumba, moja yangu. Nakala yangu hii hapa, kama nilivyoiwasilisha.

Kwa Afisa wa Kazi,
Kwale.

MINT: MALALAMIKO KUHUSU LIKIZO YANGU YA UZAZI

Mimi ni mtunza funguo wa nyumba nane za wageni huko Diani, kwa mwaka wa tano sasa. Sijaacha kazi na siombi kuacha. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa jina langu haikuandikwa na mimi, sikuitia sahihi na sikuipokea mkononi.

Nalalamika kwamba nilipojifungua sikupewa likizo ya miezi mitatu. Nilipouliza niliambiwa haipo kwa mfanyakazi wa saa za kubadilika. Mkataba wangu, ambao nakala yake nimeambatisha, haujasema hivyo.

Nalalamika kwamba siku ya kumi na moja tangu nizae nililetewa funguo za kazi zikiwa zimefungwa ndani ya leso ya mtoto, pamoja na hongera. Sikujua zimo. Aliyetumwa kuzileta ameeleza kwa mwandiko wake mwenyewe, na maelezo yake nimeyaleta kama alivyoyaandika. Kuipokea zawadi ya mtoto si kukubali kurudi kazini.

Nalalamika kwamba siku ya ishirini na mbili niliitwa kufungua mlango wa nyumba namba tano, nikaenda. Nilikwenda kwa miguu yangu, hilo silikatai. Sikwenda kwa makubaliano ya pande mbili.

Nalalamika kwamba faili yangu imeandikwa nilirejea siku ya kumi na moja kwa hiari yangu, na kwamba sentensi hiyo sasa inasomwa mbele ya wafanyakazi wapya kama mfano wa kufuata. Kati yao yuko mwenye mimba.

Naomba mambo manne. Sentensi hiyo ifutwe na iandikwe kilichotokea. Likizo niliyonyimwa itambuliwe na nilipwe haki yake kwa namna sheria inavyosema. Mfanyakazi anayejifungua asipelekewe funguo, simu wala fundi nyumbani kwake mpaka likizo yake iishe. Katika muda huo funguo zikae kwa askari wa geti. Na saa zangu za kazi zikubaliwe na kuandikwa kila wiki, mwanzo wake na mwisho wake, na sahihi mbili chini yake.

Mlango wa nyumba namba tano unahitaji fundi seremala. Nimeshasema mara nyingi.

Jumatatu nitakuwa kazini saa tatu asubuhi. Saa nane nitaondoka, kwa sababu mtoto wangu ana kliniki.

Wako mwaminifu,
Mtunza Funguo.